Risala ya Kikundi cha Wanafunzi wa Uhandisi wa Migodi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Usalama Migodini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, wahadhiri, wawakilishi wa wachimbaji, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha chuoni. Tunajua shughuli zako ni nyingi, na kufika kwako kumetufariji sana.

Kikundi chetu kilianza na wanafunzi wachache na mlezi mmoja. Leo kina wanachama katika kila mwaka wa masomo. Kwa fahari kubwa tunakutaarifu kuwa tumeunda modeli yetu ya kompyuta ya kukadiria hatari ya milipuko ya nguzo za makaa ya mawe, yaani makaa yanayoachwa bila kuchimbwa ili yashikilie paa la mgodi, tumeendesha semina kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na tumechora mabango ya usalama yanayopamba ukumbi huu. Kwa kikundi kisicho na fungu la bajeti, hayo ni mafanikio makubwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mlipuko tunaousema si wa gesi wala wa baruti. Nguzo ya makaa iliyobanwa kati ya paa na sakafu ya mwamba mgumu hupasuka ghafla na kurusha makaa kwenye njia waliko watu. Kila mita 100 za kina huongeza msongo, yaani mbano wa uzito wa mwamba ulio juu, kwa takriban megapaskali 2.5 (kipimo cha mbano), hivyo kwenye mita 600 ni kama 15, kabla sururu haijagusa makaa. Ukichimba nusu, nusu iliyobaki hubeba mzigo wote: msongo wa wastani huwa maradufu na, maadamu makaa hayajaanza kupasuka, nishati iliyojikusanya katika kila mita ya ujazo huwa mara nne. Modeli huuliza: nguzo ikianza kushindwa, mwamba unaoizunguka utaachilia nishati kiasi gani, na nguzo itaweza kumeza kiasi gani? Ziada ndiyo inayoua.

Kule Crandall Canyon, jimbo la Utah, Marekani, nguzo ziliporomoka tarehe 6 Agosti 2007 na wachimbaji 6 wakanasa chini; miili yao haijatolewa hadi leo. Siku 10 baadaye mlipuko mwingine uliua waokoaji 3. Hesabu za nguzo zilikuwa zimefanywa kabla. Uchunguzi wa serikali ya nchi hiyo ulibaini kuwa zilikuwa na kasoro. Modeli iliyolishwa namba mbovu ni hatari kuliko kukosa modeli, kwa sababu humpa msimamizi ujasiri wa kupeleka watu mahali wasipostahili kuwa.

Nasi, Mheshimiwa, modeli yetu inakula namba za vitabuni, ilhali makaa ya tabaka moja hayafanani na ya tabaka jingine. Hata mashine ya kukandamizia sampuli hapa maabara haina ukakamavu wa kutosha: sampuli ikifika kilele cha nguvu zake hupasuka papo hapo, tusione jinsi inavyopoteza nguvu, na hapo ndipo penye jibu tunalolitafuta. Hilo tutalivumilia. Tusiloweza kuvumilia ni kukosa vipimo vya mgodini.

Tunaomba jiofoni za kunasa mitetemo, vipima msongo vya kupachika ndani ya nguzo, vifaa vya kupima paa linavyoshuka, na kibali cha maandishi cha kuvifunga katika mgodi tunakofanyia mafunzo. Tutalinganisha nishati inayotabiriwa na mitetemo inayotokea kweli, turekebishe, tupime tena. Bila hivyo ramani za modeli yetu, zinazoonyesha penye hatari kwa rangi nyekundu, hazimsaidii msimamizi kuamua aache nguzo ya upana gani, wala asimamishe uchimbaji wapi.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Wageni rasmi waliokutangulia walilisikia wakiwa wamekaa kwenye kiti hicho hicho, wakatuahidi kulishughulikia, nasi tukawapigia makofi kwa moyo mweupe. Barua zetu za kukumbusha hazijajibiwa. Wapo wenzetu waliopiga makofi yale ambao sasa wamehitimu na wanafanya kazi chini ya ardhi, katikati ya nguzo ambazo hakuna aliyezipima. Tunakuheshimu mno kiasi cha kutotaka kukupigia makofi ya namna ile.

Kwa hiyo tunaomba, kabla hujaondoka, ututajie afisa tutakayemfuatilia na tarehe ya kupata jibu lake kwa maandishi. Orodha ya vifaa tumeiambatanisha na risala hii.

Tunaomba kuwasilisha.