Hati ya kuridhika isisainiwe kabla rangi ya gari haijaonwa juani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wenye magari wengi wa Dar es Salaam hulilalamikia vijiweni na kwenye foleni, lakini mara chache hufikishwa kwa wanaohusika. Ni kazi mbovu ya rangi kwenye magari yaliyopata ajali, na hasa karatasi tunayowekewa mbele siku ya kuchukua gari, ile iitwayo hati ya kuridhika, ambayo mteja akishaitia saini kampuni ya bima humlipa mwenye gereji na kufunga jalada.

Gari langu, Toyota ya rangi ya fedha yenye bima kubwa, liligongwa ubavuni na daladala katika Barabara ya Mandela. Polisi walipima, mtathmini wa bima akaja akapiga picha, na gari likapelekwa kwenye gereji iliyochaguliwa na kampuni yenyewe. Mpaka hapo sina neno. Nilipigiwa simu ya kwenda kulichukua jioni, jua likiwa limeshazama, nikalikuta limeegeshwa chini ya taa ya umeme, vumbi la msasa likiwa bado kwenye kingo za vioo, na kijana wa mapokezi ameshafungua hati mahali pa saini. Nilipomwomba nirudi asubuhi alinijibu, "Mzee, wewe saini tu, kukiwa na kitu utarudi, bima wanaitaka hati leo." Nilikataa, nikarudi kesho yake jua likiwa limepanda, na nikaomba gari lioshwe kwanza.

Mlango wa nyuma ulikuwa umekoza kuliko wa mbele, tofauti ambayo ukisimama karibu huioni, ila ukirudi nyuma hatua chache na kulitazama gari kwa urefu wake inajitokeza yenyewe. Uso wa rangi ulikuwa na vipele vidogo kama ganda la chungwa, chini ya fenda mikwaruzo ya msasa ilionekana ndani ya klia, yaani lile tabaka angavu la juu ya rangi, na mpira wa kioo ulikuwa umerukiwa na rangi. Gereji ilijitolea kupiga polishi. Mdogo wangu, ambaye ni fundi rangi, alinishauri nisikubali hilo peke yake, kwa sababu msasa laini na polishi huweza kuondoa vile vipele endapo klia ni nene ya kutosha, lakini haviwezi kubadili rangi iliyochanganywa vibaya.

Maelezo yake yanafaa kujulikana na kila mwenye gari. Magari yetu mengi ya kutoka Japani yana kibati kidogo, aghalabu ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, chenye namba ya rangi: kwa Toyota, 040 ni nyeupe ya kawaida, 070 ni nyeupe ya lulu, 1F7 ni ya fedha. Namba hiyo ni mahali pa kuanzia tu, kwa kuwa gari lililopigwa jua miaka kumi haliwi tena na rangi iliyotoka nayo kiwandani. Rangi ya fedha ina chembe za metali ambazo hulala tofauti kulingana na nguvu ya upepo, wingi wa thina ya kuzimulia rangi na umbali wa mkono wa fundi, na ile ya lulu hupulizwa kwa tabaka tatu, hivyo kuzidisha kidogo tabaka la kati kunatosha kuharibu mfanano. Kwa sababu hiyo fundi makini hujaribu kwanza kwenye kipande cha bati, hukilinganisha na gari juani, kisha huipeleka rangi mpya kidogo kidogo mpaka kwenye mlango wa jirani ili jicho lisipate mpaka, na klia huipiga mlango mzima. Gereji inayopaka upande uliogongwa tu huwa imeokoa rangi, klia na siku ya kazi, na hasara hiyo inabaki kwa mwenye gari.

Kasoro za namna hiyo angalau huonekana siku ileile. Zilizofichika chini ni mbaya zaidi. Puti, ule ujiuji mzito unaopakwa na kugandishwa juu ya bati, haipaswi kuzidi takriban milimita tatu, maana kazi yake ni kusawazisha bati lililokwisha kunyooshwa. Anayeitumia kujaza shimo ambalo nyundo ingelitoa anapanda ufa wa baadaye. Tena puti hunyonya maji, na mafundi wetu wengi hupenda kuipiga msasa kwa maji, kisha praima, rangi ya msingi, hupigwa juu yake kabla haijakauka sawasawa. Kompresa isiyo na kichujio cha maji, katika hewa ya unyevu ya pwani yetu, hutema matone pamoja na rangi. Masika yakipita, malengelenge yanainuka na kutu inaanza kula bati. Klia iliyopunjwa hadina, dawa ya kuigandisha, au kuzidishiwa thina haidumu: hupauka na kubanduka kama ngozi ya aliyeungua jua. Ipo pia hiyo "rangi ya oveni" tunayotozwa, ambayo kwa haki humaanisha chumba safi kinachopashwa joto la nyuzi 60 hivi kwa muda wa kama nusu saa, lakini kwenye baadhi ya gereji oveni yenyewe ni turubai na taa mbili. (Niongeze, Mhariri, kwamba vioo vya gari langu vilikuwa vimefunikwa kwa gazeti lako, ambalo ni zuri kwa kusomwa, ila thina hupenya karatasi yake.)

Mtathmini wa bima angeweza kugundua mengi ya haya kwa kifaa kidogo cha kupima unene wa rangi. Rangi ya kiwandani huwa na unene wa kama mikroni 100 hadi 180 (mikroni elfu moja ni milimita moja), na penye puti nyingi kipimo hupanda mara nyingi zaidi ya hapo. Tatizo ni kwamba mtathmini huja mwanzoni kuhesabu bati, taa na bampa, na kazi ikiisha haonekani tena. Anayebaki kuikagua ni mteja, ambaye amekaa bila gari kwa wiki kadhaa na anachotaka ni kurudi nyumbani.

Siwatetei wenye gereji, ingawa nimesikia upande wao. Wanasema bima hukata makadirio yao na kuchelewa kulipa, kwa hiyo rangi, ambayo ubora wake hauonekani kwenye ankara, ndiyo hupunguzwa. Yawezekana ni kweli, lakini mteja aliyelipa ada yake yote ya bima hakuwa sehemu ya mapatano hayo.

Mimi niliandika kasoro zote kwenye hati badala ya kusaini, nikaambatisha picha za mchana, na nikapeleka barua kwa kampuni ya bima. Baada ya kufuatilia sana, mtathmini alirudi, mlango ukakwanguliwa na kupakwa upya, na rangi ikapelekwa hadi mlango wa mbele. Wengi hawana nafasi ya kufuatilia hivyo, na wengine hawajui kwamba kampuni ikiwakatalia wanaweza kupeleka lalamiko TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Wenye bima ndogo wanaojilipia wenyewe wabakize sehemu ya fedha mpaka walione gari mchana, na namba ya rangi pamoja na muda wa dhamana viandikwe kwenye risiti.

Ombi langu kwa TIRA ni kwamba hati ya kuridhika isihesabiwe kuwa halali kama gari halikukaguliwa mchana likiwa limeoshwa, na mtathmini akiwapo. Na kwamba saini hiyo imaanishe mteja amelipokea gari, bila kumzuia kudai malengelenge, nyufa au klia inayobanduka katika mwaka unaofuata. Niliiomba kampuni yangu iongeze maneno hayo kwenye hati, nikajibiwa kwamba fomu ni moja kwa wateja wote na haibadilishwi kwa ajili ya mtu mmoja. Nakala ya fomu hiyo ninayo, na niko tayari kuifikisha kwa Mamlaka ikihitajika.

Mwenye gari,
Tabata, Dar es Salaam.