Laptopu kuukuu bado ina kazi

Mhariri,

Tangu Microsoft ikome kuuhudumia mfumo endeshi wa Windows 10 Oktoba 2025, wazazi wengi hapa Kondele, Kisumu, wanahimizwa na mafundi kununua laptopu mpya. Hela hizo hawana. Nawasihi wajaribu kwanza Linux, mfumo endeshi mwingine, maana hailipiwi. Mashine ya RAM ya GB 4 huiweza Linux Mint ya Xfce, aina ya Linux yenye mwonekano mwepesi. Ya GB 2 mimi huiwekea Lubuntu, aina nyingine ya Linux. Zile za zamani kabisa, za prosesa ya biti 32, Lubuntu iliziacha, ila antiX 23, nayo aina ya Linux, inazikubali. Jambo moja nalisisitiza: iwashe Linux kutoka kwenye flashi kabla ya kufuta chochote, uone kama Wi-Fi inashika na sauti inatoka. Mafundi wetu wawaeleze wateja hayo kabla ya kuwauzia nyingine.

Mwalimu wa kompyuta,
Kisumu