Mkato katika Kiingereza si mahali pa kupumulia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nipinge kanuni ambayo wanafunzi wengi wa Kiingereza hufundishwa mapema, kwamba alama ya mkato huwekwa pale msomaji anapotaka kuvuta pumzi. Ni kweli kwamba msemaji hutua kidogo penye mikato mingi, lakini kanuni hiyo hupotosha hasa kwenye vishazi vinavyoeleza nomino, kwa maana hapo mkato hubadilisha maana ya sentensi.

Tuchukue mfano huu: "The passengers who had tickets boarded the train." Kishazi hapa kinachagua: waliopanda ni wale tu wenye tiketi, na huenda wengine walibaki. Tukiandika "The passengers, who had tickets, boarded the train," abiria wote tunaowazungumzia walikuwa na tiketi, na wote walipanda. Habari ya tiketi ni nyongeza, na hata ikiondolewa hatutauliza ni abiria gani. Hicho ndicho kipimo ambacho ningependa walimu waanze nacho, badala ya pumzi. Ndiyo maana jina la pekee kama la Mto Nile, ambalo halihitaji kuchaguliwa kati ya mengine, kwa kawaida hufuatwa na mkato kabla ya "which", na ndiyo maana "that" haikai vizuri katika kishazi cha nyongeza.

Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi, hata kwa watu waliosoma sana, ni kufungua bila kufunga. Nyongeza iliyo katikati ya sentensi huhitaji mikato miwili. Ukiweka mmoja tu, unabaki umetenganisha kiima na kitenzi chake, jambo ambalo Kiingereza sanifu cha leo hakikubali. Mkato wa pili huachwa pale nyongeza inapomalizia sentensi, kwa kuwa nukta huchukua nafasi yake.

Maelezo yanayowekwa mwanzoni mwa sentensi, kabla ya kiima, nayo yana mtego wake. Katika "Having finished the exam, the lights were switched off," mkato uko mahali pake, ila kirai kilichotangulia kinatafuta mtendaji, na kiima kinachokutana nacho ni taa, kana kwamba ndizo zilizofanya mtihani. Kuhamisha mkato hakutasaidia kitu, ni lazima mtendaji atajwe: "Having finished the exam, the students switched off the lights."

Wako,
Msomaji