Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia: watafiti wetu nani anawapendekeza kwa tuzo?

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia huku Igombe, Mwanza, nina jambo moja tu.

Kila Oktoba tuzo za Nobel zikitangazwa wanafunzi wananiuliza, mwalimu, sisi lini? Siwezi kuwajibu kwamba hatuna watu, maana watu tunao na kazi zao tunaziona. Watafiti wa kichocho wanakuja asubuhi na vikopo vya sampuli za choo, kila mtoto na namba yake, wakimaliza wanashuka ziwani na gambuti kuokota konokono wanaoeneza kichocho kwenye matete, jua linawaka kweli kweli. Hiyo kazi ni ngumu jamani.

Na dunia inaisoma. Mwaka 1995 jarida la Lancet la Uingereza lilitoa utafiti wa vijijini mkoani kwetu, ulionyesha kwamba magonjwa ya zinaa yakitibiwa vizuri kwenye zahanati na vituo vya afya vya kawaida tu, maambukizi mapya ya VVU yanapungua kwa karibu asilimia 40. Mwanza hii hii!

Sasa Nobel mtu hajiombei, lazima apendekezwe, kamati inawaandikia maprofesa na wengine inaowachagua yenyewe na mwisho wa kupokea majina ni 31 Januari. Nyingine unaomba mwenyewe, kama ile Africa Prize ya uhandisi aliyochukua Dkt. Askwar Hilonga mwaka 2015 kwa chujio lake la maji, na sote tukafurahi. Mwaka huo huo mama Tu Youyou wa China akapata Nobel ya tiba kwa artemisinini, ndo asili ya dawa mojawapo iliyomo kwenye mseto tunaowapa watoto wakiugua malaria, kazi ya miaka ya 1970 hiyo, tuzo imemkuta na miaka 84.

Kwa hiyo Mheshimiwa, kupongeza aliyeshinda ni vizuri ila kunakuja mwishoni kabisa. Naomba muweke mtu, hata mmoja, wizarani au COSTECH, ile Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, kazi yake iwe kufuatilia tuzo zote hizi, tarehe zake, fomu zake, nani anaruhusiwa kupendekeza, awasukume maprofesa wetu waandike barua mapema na awasaidie vijana kujaza maombi. Na asiishie kwa mabosi wa Dar, aje na huku kanda ya ziwa aulize nani hasa alifanya kazi, hadi wale wa maabara wanaoshinda kwenye darubini.

Mwalimu, Igombe.