Risala ya wajukuu na majirani kwa mgeni rasmi, siku ya kumkumbuka Bibi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Wazee wetu,
Ndugu, jamaa na majirani,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali kujumuika nasi siku hii ya kumkumbuka Bibi yetu mpendwa. Tumekualika wewe, daktari wa mifugo, kwa kuwa Bibi asingefurahi kusifiwa huku mbuzi wake wakilia njaa bandani.

Ndugu Mgeni Rasmi, Bibi ameacha mbuzi, kuku, paka wawili na mbwa mmoja mzee. Wote sasa wako mikononi mwetu. Ndiyo maana tunamkumbuka kwa kueleza namna alivyowatunza, ili kila aliyepokea mnyama wake aendelee pale alipoishia.

Mbuzi ndio waliokuwa wapenzi wake. Mwanambuzi alipozaliwa, Bibi alikichovya kitovu kwenye iodini papo hapo, kwani vijidudu hupitia kitovu kibichi na siku chache baadaye magoti huvimba. Kisha dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa. Alitaka mwanambuzi ainywe ndani ya saa 6 za kwanza, na kabla ya siku kuisha awe amekunywa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake: mwenye kilo 2 apate mililita 200, kwa awamu tatu au nne. Siku ya kwanza ikipita, utumbo haupokei tena kinga iliyomo kwenye dang'a, hata ukimnywesha ndoo nzima.

Kwa yatima, alianza kwa kumtia kidole mdomoni. Mdomo ukiwa wa baridi, hakumpa maziwa. Alimkausha na kumpasha joto kwanza, maana tumbo lililopoa halisagi chochote. Maziwa yalikuwa ya uvuguvugu wa mwili, na mtoto alinyweshwa akiwa amesimama, shingo imenyooka na kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mama yake. Wengi wetu hupenda kumpakata mwanambuzi chali kama mtoto mchanga. Hapo maziwa huingia mapafuni, na homa ya mapafu humwua. Tundu la chuchu ya chupa likiwa kubwa mno huleta madhara yaleyale. Bibi aliigeuza chupa juu chini: maziwa yakidondoka tone kwa tone, sawa, yakimiminika, chuchu ilitupwa. Na hakuwa na upole hata kidogo kwa mtu aliyemvuta mbuzi kwa sikio.

Vifaranga aliwaangalia zaidi ya alivyoangalia kipimajoto. Wiki ya kwanza huhitaji nyuzijoto 32 hadi 35, kisha hupunguzwa kama nyuzi 3 kila wiki. Wakirundikana chini ya taa, wana baridi. Wakikimbilia pembeni midomo wazi, wana joto. Wakitawanyika wakila, waache. Chanjo ya mdondo, ugonjwa hatari wa kuku, ilikuwa tone moja jichoni, na kuku hakuachiwa mpaka akonyeze, ndipo tone lizame. Chanjo iliyopata joto kali au jua inaweza isifanye kazi, na kuku ambaye tayari anaumwa haponi kwa chanjo.

Mbwa wake alichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka bila kukosa. Aliyeumwa na mbwa yeyote alioshwa jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo. Hakuruhusu mjadala, na alikuwa sahihi: dalili zikishaanza, ugonjwa huo karibu kila mara huua.

Ndugu Mgeni Rasmi, mbwa huyo bado analala mlangoni pa chumba cha Bibi, pua ikiwa kwenye upenyo wa chini. Shuka la Bibi hatujalifua, tumemtandikia mbwa huyo. Anakula saa zilezile, kwenye bakuli lilelile. Paka ndio wanaotutia hofu zaidi. Paka anayesusa chakula siku mbili tatu, hasa mnene, ini lake hujaa mafuta na anaweza kufa, kwa hiyo tumekubaliana kutovuka siku moja kabla ya kutafuta daktari. Na asitokee mtu wa kumpa parasetamoli kwa huruma. Kwa paka hiyo ni sumu.

Changamoto yetu kubwa ni chanjo ya kuku. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na kikishachanganywa hakifai kutunzwa hadi kesho. Nyumba moja ikichanja peke yake, dozi nyingi humwagwa. Pia kwato za mbuzi wawili zimerefuka na kukunjia ndani, nasi tunaogopa kukata hadi kwenye nyama.

Tunaomba, kwa heshima, mambo matatu. Kwanza, utupangie siku moja ya chanjo kwa nyumba zote za jirani, kuku na mbwa kwa pamoja. Pili, utuoneshe leo, kwa mbuzi hao wawili, ukataji wa kwato kidogokidogo mpaka rangi ya waridi inapoanza kuonekana. Tatu, umpime mbwa wa Bibi meno, kwa kuwa anatafuna kwa upande mmoja.

Mbuzi wamefungwa kivulini nyuma ya nyumba, na maji ya kunawa yapo.

Tunaomba kuwasilisha.

Wajukuu na majirani wa Bibi