Mutuwekee mbao chini ya miguu, siyo bafle ingine

Bwana muhariri,

Kuna musomaji mumoja aliandika mu gazeti yenu kama besi ya konseri, ile sauti nene ya chini, ni makelele tu ya vijana, ati mutu muzima anasikilizaka maneno. Mimi ni mukaaji wa Goma, huku Majengo, na niko na dada yangu mudogo mwenye hasikie tangu akiwa na miaka ine, njo maana ile barua iliniuma, juu yeye maneno haimufikiake, yenye inamufikia ni besi.

Tunakaa mu nyumba ya mbao sawa batu wengi ba hapa, juu kuchimba fondasio mu jiwe ya volkano ni kazi ya kulia, na nyuma ya kiwanja yetu kuko bar. Jumamosi sebene, ile sehemu ya muziki ya kuchezesha batu, ikianza, sahani mu kabati zinalia zenyewe. Dada anaweka kiganja ku ukuta, anangoja kidogo, anaanza kucheza, na hakosee. Hata sisi wenye masikio pale hatusikie muimbaji anasema nini, ni dum dum tu: besi ya herzi 50 (kutetemeka mara 50 kwa segonde moja) wimbi yake ni karibu metre 7, inapita ku mbao sawa vile mbao haiko, gitare ya juu kule herzi 3000 wimbi yake ni santimetre 11 hivi, ukuta unaizuia.

Mwaka 2021, tarehe 22 mwezi wa tano, volkano yetu Nyiragongo ilitoka, na siku zenye zilifuata ardhi ilitikisika muchana na usiku mpaka tarehe 27 tukaambiwa tuhame, sisi tulikimbilia Sake. Mu zile siku kitu ikitikisika mama alikuwa anaangalia kwanza uso ya ule mutoto, kisha njo anaamua kama tunatoka inje. Nilimuuliza na mikono anatofautishaka aje, akanijibu: muziki inarudiaka ku saa yake, ardhi haina saa.

Sasa shida yangu. Juzi nilimupeleka ku konseri mu sale moja ya hapa mujini, jina naacha. Bafle (spika) kubwa sawa kabati, lakini chini ni karo juu ya simenti, na simenti juu ya jiwe. Akatoa viatu, hakuna kitu, miguu kimya. Akaenda kuegemea bafle, mulinzi akamuvuta mukono (na hapo simulaumu sana, masikio yenye bado inasikia haifae kukaa pale). Mama mwenye alikuwa anauzisha maji ku mulango akamupatia bido (dumu) tupu ya litre 20, ya njano. Akaikalia, akaikamata na magoti, na uso wote ukafunguka. Batu bakacheka, kisha kijana mumoja akaomba na yeye ajaribu, akanyamaza, akakataa kurudisha bido.

Evelyn Glennie, mupiga ngoma wa Uskoti, ni kiziwi karibu kabisa tangu akiwa na miaka 12, na anapigaka bila viatu kusudi sauti ipande mu miguu. Ngozi ya unyayo na ya kiganja iko na vipokezi bya mutetemo, benye kusoma banaviita vya Pacini, vinashika sana karibu herzi 250. Sauti ya chini zaidi unaisikia mu kifua, juu ndani muko hewa, sawa ngoma.

Kwa hiyo siombe baongeze sauti, hapana! OMS yenyewe, shirika la afya duniani, mwaka 2022 ilisema ku konseri isipite desibeli 100 kwa wastani. Naomba benye kujenga sale baweke kona moja tu ya mbao, mbao juu ya mihimili, chini kubaki wazi, na bafle ya besi iwekwe pale pale juu yake. Mafundi tuko nao, muji yenye inachonga chukudu, ile kinga ya mbao ya kubeba magunia, haiwezi kushindwa na metre ine za mbao.

Na ule musomaji, kama ako Goma, Jumamosi akuje kwetu saa mbili ya usiku. Bido iko.

Musomaji wenu, Majengo