Kabla migomba haijauzwa: barua ya wazi kwa mnaosubiri kwenda chuo

Wanangu wa Rungwe, Busokelo na Mbeya Vijijini, mugonile.

Ubwana shamba nimestaafu, vikao ndiyo vimekataa kustaafu. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, naitwa kwenye vikao vya ukoo kusikiliza habari ileile: mtoto kafaulu, chuo kimempokea, hela haitoshi. Mwenye safari mwenyewe hayupo. Katumwa dukani, au yuko uani na simu, na ndani wazee wanapanga cha kuuza. Nawaandikia ninyi mlioachwa uani.

Asije mtu akasema mzee anapinga shule. Mimi nilianzia Uyole kwa cheti, serikali ikanipeleka Morogoro kuongeza elimu miaka ya themanini, na hata nauli niliipata kwa waranti, hati ya safari ya serikali. Nyumbani hakuna aliyeuza hata kuku. Miaka ya tisini ndipo ikaja habari ya wazazi kuchangia gharama, na mwaka 2004 ikatungwa sheria ya Bodi ya Mikopo, inayokopesha wanafunzi wa elimu ya juu. Kwa hiyo mzee wa rika langu akikwambia "wewe soma tu, mengine yatajipa", mpe shikamoo yake, lakini kumbuka kwamba yeye alilipiwa.

Mkopo kwanza, maana huko ndiko kwenye uvumi mwingi. Tuseme umekopa milioni 12 kwa miaka mitatu, kisha ukapata kazi ya laki saba kwa mwezi. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2016, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Zamani ilikuwa 8. Hapo unakatwa 105,000 kila mwezi. Gawa mwenyewe: ni miezi 114 na ushee, miaka tisa na nusu. Si deni la kumkimbiza mtu, hasa tangu mwaka 2021 ilipofutwa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inafanya watu walipe na deni lisionekane kupungua. Anayesomea udaktari au uhandisi namwambia akope bila wasiwasi. Ila ukipanga harusi, kiwanja na pikipiki kwa mshahara wa kwanza, ile asilimia 15 iondoe kabla hujaanza kupanga.

Linaloniumiza ni deni lisiloandikwa Bodi. Bodi haimpi kila mtu sawa. Inaangalia hali ya kwao, na kwa wengi sehemu ya ada inabaki kwa mzazi. Juzijuzi kwenye kikao niliwekewa mbele daftari la baba mmoja, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kaandika kwa kalamu ya bluu: ng'ombe wa maziwa, mmoja. Viazi, magunia, tena lumbesa, maana dalali hataki ujazo mwingine. Mkopo wa kikoba. Kisha, kwa mwandiko uleule usiotetemeka, "migomba ya bondeni". Hiyo migomba ni nusu eka aliyorithi kwa baba yake. Chini kabisa kulikuwa na hela ya hosteli ya binti yake wa kidato cha pili, imepigwa mstari. Kijana anayepelekwa chuo alikuwa anajua jambo moja tu, kwamba ada imepatikana.

Wazee wenzangu wanaita hiyo huruma, eti mtoto asisome na mawazo. Mimi siafiki. Mtu mzima wa miaka ishirini anayepiga kura ana haki ya kujua kalipiwa na nini, na mdogo wake kakosa nini. Ombeni kuingia kikaoni. Ombeni daftari mlisome. Likitajwa shamba, semeni hapana, kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika.

Nasema hivyo kama bwana shamba. Ng'ombe akiuzwa, kwa miaka michache utalea mtamba mwingine. Milingoti, yaani mikaratusi, ukiikata, kisiki kinachipua chenyewe. Paini haichipui, lakini inapandwa upya. Ardhi ya Rungwe ikiuzwa, mnunuzi anaotesha parachichi au anajenga, na hata ukirudi na shahada na fedha mkononi hakuuzii tena. Bora uahirishe mwaka mmoja ulime viazi kuliko kusoma kwa hela ya migomba ya bondeni.

Tena si lazima kila mtu aende Dar es Salaam. Kozi yako ikiwa huko tu, nenda. Lakini Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, Mzumbe wana kampasi yao, na Iringa kuna Mkwawa kwa ualimu, kuna Ruaha. Anayepanga chumba Iyunga, pale Mbeya mjini, anaweza kuletewa gunia la viazi na mkungu wa ndizi kwa Coaster ya kutoka Tukuyu. Wapo wanaoona aibu kushusha gunia stendi mbele ya wenzao. Aibu hiyo wanailipia mama lishe kila siku, na bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, likiisha katikati ya muhula wanampigia baba.

Kuhusu stashahada nitasema kwa kifupi, maana mnakunja sura mkiisikia. Huku kwetu kuna vijana wa stashahada ya mifugo wanaozunguka na pikipiki kuhimilisha ng'ombe, yaani kuwapandikiza mbegu, na simu zao haziachi kuita. Ukifaulu vizuri stashahada, mlango wa shahada uko wazi baadaye, ukiwa na kipato chako. Na tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi inakopesha baadhi ya fani za ngazi hiyo, kilimo na mifugo zikiwemo. Ila mwenye ndoto ya kuwa daktari bingwa asinisikilize hapa. Yake ni njia nyingine.

Kabla hujatuma maombi, hakikisha chuo na kozi vimo kwenye mwongozo wa mwaka huo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, na aliyefiwa na mzazi ahakiki cheti cha kifo pia. Msisubiri dirisha la mikopo likaribie kufungwa, maana siku hizo mtandao unalemewa na mwenyekiti wa kijiji wa kugonga muhuri anakuwa kaenda msibani. Wanaotafuta mdhamini wa fomu waje nyumbani jioni, baada ya kukamua. Waje na daftari la baba.

Mzee wenu,
Bwana shamba mstaafu, Rungwe